Bati Shingoni mwa Mleleshwa

Katika mji ule kila kilichoota kilivaa jina la mtu. Mti, ua, hata mgomba uliochungulia juu ya ukuta, ulifungwa kipande cha bati kwa waya, na juu ya bati likachongwa kwa msumari jina la aliyeumwagilia. Jina la aliyeupanda halikuandikwa popote. Mpanzi alihesabiwa kuwa mpita njia. Sheria ya bondeni ilisema kwamba maji ndiyo baba, na mtu akiutia mmea maji kiangazi kizima mbele ya macho ya majirani, mmea ni wake, na kivuli chake ni chake, na majani yake yanayoanguka ni yake. Na kwa kuwa kiangazi cha mji ule hakikuwa na mwanzo uliokumbukwa wala mwisho uliowahi kushuhudiwa, kiangazi kizima kilikuwa muda wowote ambao mwenye maji aliutaja.

Nasieku alihamia mtaa mmoja wa mji huo kwa sababu moja, na sababu yenyewe iliishi nyumba ya jirani, ng'ambo ya seng'enge. Alikuwa mwanamke wa milimani aliyesomeshwa bondeni. Alisomea mimea, akafundisha mimea, akaandika juu ya mizizi kwa lugha isiyomruhusu mtu kulia. Hakuleta samani nyingi. Alileta kiti, mtungi, na chipukizi moja la mleleshwa lililofungwa kwenye gunia bichi, alilolichimbua kando ya lango la zamani la maji, mahali ambapo mdogo wake, Parmuat, alikufa.

Alilipanda katika pembe mbaya kuliko zote za bustani, penye kokoto na jua la kutwa. Mbolea aliyoiacha mpangaji wa zamani aliizoa akaitupa. Alilimwagilia siku ya kupanda, akalimwagilia tena kila lilipolegea, na lilipotoa jani lake jipya akaiweka ndoo kando na hakuigusa tena kwa ajili yake.

Mleleshwa hauna cha kumsimamisha mpita njia. Jani lake ni jembamba, la kijivu juu, jeupe chini, limefunikwa vinyweleo vinavyoshika unyevu usinyonywe na jua. Ua lake halina rangi ya kusifiwa. Lakini ukilifikicha jani kati ya vidole, au ukipita karibu saa ya joto kali, harufu inakupiga usoni: kali, baridi, inakaribia ile ya kafuri wanayopakwa maiti, isipokuwa hii ina uhai ndani yake. Watu wa bondeni, wachache walioifahamu, walisema ni zawadi ya mmea kwa binadamu. Nasieku hakusema hivyo hata siku moja. Mmea hauna zawadi. Hauna miguu ya kukimbia wala mkono wa kurusha jiwe, kwa hiyo unaponyimwa maji, unapotafunwa, unapochomwa, hukusanya mafuta makali ndani ya jani na kumngoja anayekuja na mdomo wazi. Kinachoitwa manukato ni chuki iliyohifadhiwa vizuri. Ukiushibisha mmea, chuki hiyo hupungua. Hayo hakuyatoa kwenye hadithi. Ni jambo linaloweza kupimwa na kupimwa tena na yeyote mwenye mmea, ndoo na subira.

Milimani jani hilo lilikuwa sheria. Mgeni akifika, mwenyeji huchuma jani, hulifikicha katika viganja, humkabidhi, na mgeni huliweka kwapani. Tangu hapo wamefungamana. Hakuna mkono utakaomgusa aliyepewa, na yeye hawezi kumdhuru aliyempa. Akija adui akanyoosha mikono yote miwili na kuomba, hanyimwi. Sheria hiyo haikuandikwa kokote, wala haikuhitaji shahidi, kwa sababu hakimu wake ni pua.

Parmuat aliteremka bondeni na sheria hiyo. Ulikuwa mwaka ambao mito ya milimani ilibaki mchanga, na maji yote yaliyosalia yalikuwa nyuma ya lango la chuma, na funguo za lango zilikuwa kiunoni mwa Tindwa, aliyeitwa Bwana Maji. Parmuat alimpa Tindwa jani. Tindwa alilipokea, akalinusa, akalitia mfukoni, akasema kijana afungwe langoni upande wa jua ili wenzake wajifunze kuomba kwa utaratibu. Nasieku alikuwa katika umati uliosimama mbali, na vitabu mkononi. Parmuat alikufa akiyasikia maji yakipita nyuma ya chuma, umbali wa mkono. Jambo hilo lilitokea zamani sana, au lilitokea wiki iliyopita. Katika mji ule tukio halikusogea nyuma kwa sababu tu watu wamezeeka mbele yake.

Na hata kuzeeka kwenyewe hakukuwa kwa kutegemewa. Zilikuwepo asubuhi ambazo aliyetoka nyumba ya jirani alikuwa kikongwe mwenye kikohozi na kandambili. Zilikuwepo asubuhi ambazo, kutoka mlango uleule, alitoka mwanamume wa makamo mwenye vifungo vya shaba, shingo imenyooka, funguo zikilia kiunoni. Majirani hawakushangaa. Mji ulimrudishia mtu umri wa madaraka yake kila aliposhika kilichompa madaraka. Tindwa alipofungua bomba alikuwa kijana. Alipolifunga, magoti yalianza kumuuma. Kwa hiyo alimwagilia kutwa. Ukoka wake ulikuwa wa kijani hata ukaumiza macho, mawaridi yake yalikuwa makubwa kama vichwa vya watoto, na kila shina lilining'iniza bati lenye jina lake.

Siku mleleshwa ulipofikia kimo cha seng'enge na joto likaukamua, Tindwa alitoka na kitambaa puani. Nasieku alikuwa kwenye kiti chake.

"Habari za asubuhi," alisema Nasieku.

Tindwa alingoja. Mtu wa umri wake husalimiwa kwa shikamoo, na katika mtaa ule hata walevi hawakumnyima. Haikuja. Alikohoa, akaelekeza kidole.

"Jirani, hicho ulichopanda ni nini?"

"Mleleshwa."

"Mimi nikadhani ni takataka uliyosahau kuifagia."

"Wengi hudhani hivyo."

"Sioni bati. Nani anakimwagilia?"

"Hakuna. Hakihitaji."

Tindwa alicheka, na kicheko kikamrudisha nyuma miaka kadhaa. "Bi Nasieku, mimi nimesimamia maji maisha yangu yote. Sijaona kisichohitaji. Nimeona vinavyojikaza tu mbele za watu."

"Ukikimwagilia kitanenepa," alisema Nasieku, "na hakitanuka. Mizizi ikikaa kwenye maji itaoza."

Alimwambia ukweli mtupu, bila kupunguza neno, kwa sababu alijua hatauamini. Alikuwa amelitafakari jambo hilo tangu siku ya gunia. Uongo ungemwacha na deni kwa mtu ambaye hakutaka kudaiwa naye chochote. Ukweli ulikuwa safi zaidi. Mtu aliyeishi kwa kuhitajika huusikia ukweli wa kutohitajika kama tusi, na tusi hulijibu kwa kile anachokijua.

Tindwa aliushika waya wa seng'enge. Macho yake yalikuwa kwenye jani la karibu.

"Niliwahi kupewa jani kama hilo," alisema. "Langoni, na kijana mmoja wa huko juu. Harufu yake ilikaa mfukoni hata koti lilipofuliwa. Nililigawa koti lenyewe, na bado mfuko wa koti nililovaa baadaye ukanuka."

"Na kijana?"

"Kijana gani?" alisema Tindwa.

Kinachohitaji hutawaliwa. Hilo ni wazi, na milki zote zilijengwa juu yake. Lakini kisichohitaji kitawaliwe kwa njia gani? Kwa kukifundisha kuhitaji. Nasieku aliliwaza hilo akikitazama kichaka chake siku nzima, kama kulikuwa na siku. Kukifundisha kuhitaji. Kukishibisha hadi kisahau. Kisha kukiwekea bati.

Mpira wa maji ulipita chini ya seng'enge kesho yake, au siku iliyofanana na kesho. Aliyeuburuta alikuwa Mkiwa, binti wa Tindwa, mwanamke mzima asiyeolewa, mcheshi, mwenye kusema vibaya juu ya kila mtu kwa sauti ya mapenzi. Yeye ndiye pekee wa nyumba ile aliyewahi kuingia kwa Nasieku kwa mlango. Kabla ya mambo ya mpira alikuwa ameomba matawi ya mleleshwa ayaweke kwenye nguo zake, akisema nyumba yao inanuka mawaridi hata mtu hawezi kuwaza. Nasieku alimfikichia jani katika viganja na kumpa kwa desturi kamili, akamweleza liwekwe wapi na maana yake. Mkiwa alilitia kwapani akasema sasa wanaume watamkimbia kwa sababu inayoeleweka.

Safari hii hakutania mara moja. Aliulaza mpira kwenye kokoto, akaomba radhi, akaeleza. Watu wa milimani walikuwa wameanza kuteremka. Mfereji ulikuwa umekauka huko juu kwenye chanzo, na hapakuwa tena na cha kulinda langoni. Hawakuchoma nyumba wala kumpiga mtu. Walikuwa wanapita mji kwa mji wakiuliza ni nani aliyefunga lango la maji, na wakimpata humchukua, humrudisha kwenye lango lake, na humwacha hapo upande wa jua. Ila mwenye harufu ya jani kwapani humpita kama jiwe la njiani. Baba yake aliijua sheria hiyo vizuri kuliko alivyokubali.

"Si aje aombe," alisema Nasieku. "Kwetu hanyimwi mtu."

"Shangazi, baba yangu aombe?" Mkiwa alifungua bomba, na nyuma ya seng'enge Tindwa akanyooka mgongo. "Anataka kiwe chake kwanza. Achume cha kwake."

"Mwambie maji yataondoa harufu."

"Nimemwambia kama ulivyomwambia. Kasema nyie wa milimani ni wachoyo, mnataka watu waamini kiu ni dawa. Kasema mmea unaonuka hivyo ukiwa na njaa, ukishiba utanuka hadi mbinguni."

Nasieku alikuwa ametoa ukweli mara mbili.

Angeweza kuukata mpira. Kisu kilikuwa jikoni. Lilikuwa jambo la pigo moja, na hakuna sheria ya bondeni iliyomlazimisha mtu kupokea maji. Alikaa kwenye kiti akaangalia. Kokoto zikawa tope. Jani la kijivu likawa la kijani, likapanuka, likapoteza vinyweleo vyake, likaanza kung'aa kama jani la mti wowote. Kichaka kikanenepa. Majirani walikuja kukisifu, na Tindwa, kijana, vifungo vikimeta, aliwaita mmoja mmoja washuhudie, akatamka mbele yao kwamba kiangazi kimetimia, akaukaza waya kwenye shina na bati juu yake, na jina lake juu ya bati.

Na harufu ikaondoka. Haikuondoka ghafla. Ilipungua jinsi sura ya mtu inavyopungua kwenye kumbukumbu, kwanza pembeni, kisha katikati. Ile ilikuwa harufu ya shingo ya Parmuat alipombeba mgongoni akiwa mdogo, harufu ya shuka lake, harufu aliyokuwa nayo langoni siku ile, iliyowafikia umati kabla ya sauti yake. Kwake ilibaki kwenye kichaka hiki tu, katika bustani hii, na Nasieku aliketi akaiacha izame. Alijipima kama angepima udongo. Je, inauma? Inauma. Je, inatosha kuinuka na kuchukua kisu? Haitoshi. Kuna watu husema kisasi ni moto. Cha kwake kilikuwa na joto la mtungi uliowekwa kivulini. Alimtoa uhai mdogo wake mara ya pili, kwa maji safari hii, ili aliyemtoa uhai mara ya kwanza asipate pa kujificha, na alifanya hivyo akijua, akiwa ameketi, mikono juu ya mapaja.

Kisha mabomba yalikauka. Yalikohoa kutu, yakatoa hewa, yakanyamaza mtaa mzima kwa pamoja. Ukoka wa Tindwa uligeuka rangi ya mkeka. Mawaridi yaliinama kwenye mabati yao. Na Tindwa, ambaye hakuwa tena na cha kufungua, alizeeka mara moja na kubaki hivyo.

Alikuja kwa mlango, adhuhuri, Mkiwa amemshika kiwiko. Hakuwa amewahi kuingia. Alisimama mbele ya kiti cha Nasieku, mzee kupita wazee wote wa mtaa, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," alisema.

Mkiwa aligeuza uso kwa aibu. Nasieku hakuitikia. Neno lilibaki hewani, likitafuta pa kutua.

"Wamefika mtaa wa pili," alisema Tindwa. "Bi Nasieku. Mama. Naomba jani." Na alinyoosha mikono yote miwili, viganja juu, jinsi inavyotakiwa.

"Sikunyimi," alisema Nasieku. "Siwezi. Isitoshe kichaka ni chako, kimeandikwa. Chuma."

Tindwa alichuma. Alifikicha jani katika viganja vyake, akavileta puani, akavuta pumzi. Akavuta tena. Alilitupa akachuma jingine, kutoka juu, kisha kutoka chini, kisha akachuma kwa ngumi, akisaga, akinusa, na mikono yake ikawa ya kijani hadi kwenye vifundo. Ilinuka tope. Ilinuka ukoka uliokatwa. Tawi aliloling'ang'ania lilikatika bila sauti, laini, na ndani yake palikuwa peusi.

"Hakinuki," alisema.

"Hakinuki."

"Umekifanya nini?"

"Sikukigusa. Nilikuambia mwenyewe, kisha kwa kinywa cha mwanao."

"Ungekata mpira!"

"Ningekata," alikubali Nasieku. "Kisu kilikuwepo."

Tindwa alimtazama, na pengine hapo ndipo alipomwona kwa mara ya kwanza, uso juu ya uso mwingine. Kisha akamgeukia binti yake. Alisema, kwa sauti ndogo ya mtu anayeomba kijiko mezani, "Mkiwa, wewe unalo. Nipe lako."

Mkono wa Mkiwa ulipanda hadi kwenye kwapa la gauni, ambako jani la siku zile, kavu, dogo, lilikuwa bado limeshonewa. Ulikaa hapo.

"Jani la kupewa halipokezanwi," alisema Nasieku. "Likitoka kwapani mwako ni kuni. Hatalipata yeye na utakuwa umelipoteza wewe. Huo pia ni ukweli, na wewe unajua mimi nasema ukweli."

"Baba," alisema Mkiwa. Mkono ulishuka mtupu. Alirudi nyuma, kuelekea kivuli cha ukuta, au kuelekea alipokaa Nasieku. Ilikuwa vigumu kutofautisha.

"Lenye harufu ulishapewa," Nasieku alimwambia mzee. "Langoni. Ukalitia mfukoni. Uliponiuliza kijana gani, nilinyamaza. Ni mdogo wangu. Anaitwa Parmuat."

Tindwa alifungua kinywa. Kabla hajasema, ilikuja.

Iliruka ukuta kabla ya nyayo, kabla ya minong'ono: kali, baridi, nzima. Nasieku, ambaye alikuwa amejiandaa kwa kila kitu, hakuwa amejiandaa kwa hilo, na alilazimika kuushika mkono wa kiti. Shuka, shingo, mgongo. Wakaingia kwa mlango uliokuwa wazi, kimya, wenye vumbi hadi magotini, na kwa kitambo kisichopimika kila mmoja wao, wanaume kwa wanawake, alikuwa na uso wa Parmuat. Kisha nyuso zikarudi kwa wenyewe. Aliyetangulia alikuwa mwanamke mrefu wa umri wa Nasieku. Alisimama katikati ya bustani, akainua pua.

"Hapa kuna mleleshwa," alisema, "na hapanuki."

"Ulimwagiliwa," alisema Nasieku.

"Na nani?"

Maisha yake yote Tindwa alikuwa amelijibu swali hilo kabla halijaulizwa. Alilijibu sokoni, kwenye harusi, kwenye mazishi. Alilijibu kwa msumari juu ya bati. Sasa mikono yake ya kijani ilikwenda nyuma ya mgongo, ikautafuta waya, ikavuta. Lakini shina lilikuwa limenenepa kwa maji yake hata likaumeza waya ndani ya gome, na kila alipovuta, bati lilipiga kelele ndogo, ting, ting, kama funguo. Mwanamke mrefu alisikiliza. Alisogea, akamsukuma mzee pembeni kwa adabu, akainama kusoma.

Nasieku aliinuka. Mtungi wake ulikuwa umejaa, kwa kuwa hakuwa amemwaga maji yake ardhini tangu kichaka kilipotoa jani jipya. Alichota kikombe, akakiweka katika viganja vya mzee, akavifunga vidole vyake juu yake, kimoja baada ya kingine, ili kisianguke.

"Kunywa, Bwana Maji," alisema. "Njia ni ndefu hadi langoni."

Kisha akavuta kiti chake pembeni, asimzuie mtu kupita.